Uzi wa Sven-Göran Eriksson: klabu zilimpa makombe, timu za taifa zikampa lawama

Mtoto wa Makole (mleta uzi)

Wakuu, mbukwa.

Tangu Jumatatu ya 26 Agosti 2024 habari za kifo cha Eriksson, kocha Msweden aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Uingereza, zilipotoka, vijiwe vya hapa Dodoma vina wimbo mmoja: "yule kocha aliyepewa Beckham, Gerrard, Lampard, Scholes, Owen na Rooney akashindwa kubeba hata ndoo." Nimeusikia sokoni Sabasaba, nimeusikia Nyerere Square, na boda aliyenitoa Area D juzi aliuimba mpaka tukafika. Mzee amefariki akiwa na miaka 76, ana makombe ya nchi tatu tofauti, halafu sisi tunamzika na robo fainali tatu za Uingereza. Nikasema hapana, ngoja nishushe uzi.

Kwanza tulikotoka. Alizaliwa Februari 1948 Sunne, Sweden, akakulia Torsby. Uwanjani alikuwa beki mbili wa kawaida kabisa, wala hakuna aliyekata tiketi kwa ajili yake, na goti likamstaafisha ana miaka 27. Akaanza ukocha Degerfors, timu ya madaraja ya chini, na mwaka 1979 akachukuliwa na IFK Göteborg. Watu walimcheka. Hana jina, hajacheza kokote, sauti ya chini kama mwalimu wa hesabu.

Mwaka 1982 huyo mwalimu wa hesabu akabeba Kombe la UEFA. Göteborg ile wachezaji wake wengi walikuwa na ajira zao, mpira wanaufanya baada ya kazi. Fainali wakakutana na Hamburg. Nyumbani 1-0, marudiano kule Ujerumani 3-0. Msidhani Hamburg ilikuwa mbovu: mwaka huohuo ilikuwa bingwa wa Ujerumani, na mwaka uliofuata ikaifunga Juventus fainali ya Kombe la Ulaya. Hiyo ndiyo timu iliyopigwa jumla ya 4-0 na vijana wa Sweden.

Benfica wakamchukua palepale. Ubingwa wa Ureno 1983 na 1984, na fainali nyingine ya Kombe la UEFA 1983, hiyo akapoteza kwa Anderlecht. Roma akachukua Kombe la Italia 1986, ingawa msimu ule wanaoujua wanajua ulivyomuuma: wiki ya mwisho kasoro moja, Roma nyumbani wanapigwa 3-2 na Lecce ambayo ilishashuka daraja, Juventus wanabeba ubingwa. Akapita Fiorentina, akarudi Benfica, akafika fainali ya Kombe la Ulaya 1990 Vienna, Rijkaard wa Milan akammaliza kwa bao moja, akachukua tena ligi 1991. Sampdoria, Kombe la Italia 1994.

Lazio nawawekea bandiko lake peke yake. Vuteni viti.

Kahawa Chungu

Nimevuta kiti mkuu, lakini nakuonya mapema, ukifika Uingereza nitakuwa nimekaa nakusubiri.

Mtoto wa Makole

Haya, Lazio.

Anafika 1997. Klabu ilikuwa haijabeba ubingwa wa Italia tangu 1974. Kuanzia pale ni mvua ya makombe: Kombe la Italia 1998, Kombe la Washindi la Ulaya 1999, ile fainali ya mwisho kabisa ya mashindano hayo kabla hayajafutwa, Villa Park dhidi ya Mallorca, 2-1, Vieri na Nedvěd. Miezi mitatu baadaye Super Cup ya Ulaya, Manchester United iliyotoka kubeba makombe matatu inafungwa 1-0 na Salas.

Halafu msimu wa 1999/2000. Juventus walikuwa mbali, watu wameshafunga mahesabu. Aprili mosi Lazio wanaenda Turin, Simeone (huyuhuyu wa Atlético) anapiga kichwa, 1-0. Mbio zinaanza upya. Siku ya mwisho, 14 Mei 2000, Juventus wako mbele kwa pointi mbili na wanacheza Perugia. Lazio wanaipiga Reggina 3-0, wamemaliza kazi yao. Kule Perugia mvua imenyesha mpaka uwanja umekuwa bwawa, refa Collina amesimamisha mechi, anatoka na mpira mkononi, anaudondosha kuona kama utadunda. Haudundi. Zaidi ya saa moja wanasubiri. Kipindi cha pili kinaanza, beki Calori anaifungia Perugia. Mashabiki wa Lazio bado wako uwanjani kwao Olimpico, mechi yao imekwisha zamani, redio masikioni. Filimbi. Lazio 72, Juventus 71.

Sasa angalieni kitu ambacho wengi wanakiruka. Nani walikuwa wamebeba ile timu? Mancini, alitoka naye Sampdoria. Mihajlović, aliwahi kuwa naye Sampdoria. Verón, aliwahi kuwa naye Sampdoria. Yaani alikuwa anawafuata watu wanaojua lugha yake. Anayekaba wapi, anayepanda lini, mistari miwili ya watu wanne inayosogea kama imefungwa kamba. Wengine walionunuliwa walikaa msimu mzima wakikaririshwa.

Huyu alikuwa kocha wa mazoezi ya kila siku. Shikeni hapo, nitarudi.

Kahawa Chungu

Mkuu umeandika vizuri lakini umeficha bili. Ile Lazio ilikuwa pesa ya Cragnotti, mmiliki wa klabu, na kampuni yake ya vyakula, walikuwa wananunua wachezaji kama tunavyonunua nyanya. Vieri, Salas, Nesta yupo tayari nyumbani, Nedvěd. Hata mimi ningepata nafasi ya pili.

Na Uingereza usiruke. Mwaka 2006 kocha mwenye akili timamu anaenda Kombe la Dunia na washambuliaji wanne, Rooney katoka kuvunjika mguu, Owen hajakaa sawa, halafu wa nne ni Walcott, mtoto wa miaka 17 ambaye hata Ligi Kuu na Arsenal hajaicheza! Defoe anabaki nyumbani. Mechi ya Sweden dakika ya kwanza tu Owen goti limekwenda. Amebaki na Rooney na Crouch. Na Walcott hakucheza hata dakika moja mashindano yote. Sasa alimpeleka kufanya utalii?

Beki Mbili

Mimi mechi yangu ni ya Brazil 2002. Kwa saa zetu ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, tuko shule. Nani alibaki darasani? Kibanda cha video Majengo, mwenyewe ameziba madirisha kwa magunia jua lisiue picha, ndani joto, harufu ya soksi, na sare za shule tatu tofauti kwenye benchi moja. Lúcio anababaika na mpira, Owen anafunga, kibanda kinataka kuanguka. Karibu na mapumziko Beckham anaruka kukwepa mguu, mpira unatoka pale hadi kwa Rivaldo, 1-1. Kipindi cha pili Ronaldinho anapiga ile faulo kutoka mbali, Seaman anarudi nyuma nyuma kama mtu anayetafuta kiti gizani.

Lakini kilichoniuma si bao. Ronaldinho alipewa nyekundu dakika ya 57. Zaidi ya nusu saa Uingereza wako kumi na mmoja kwa kumi, na hakuna kitu! Wanapiga mipira mirefu, Brazil wanaitoa, wanapiga tena. Kamera inamwonyesha Eriksson amekaa na miwani yake, mtulivu kama yuko kanisani. Mzee mmoja nyuma yetu akapiga kelele, "Simama basi hata utukane!" Kibanda kizima kilicheka, lakini ndicho kilichokuwa moyoni mwa kila mtu.

Singida Kwetu

Beki Mbili umenikumbusha mbali. Tena nikuongezee: aliyekuwa benchi la Brazil siku ile ni Scolari. 2004 robo fainali Ureno wanamtoa, benchi Scolari. 2006 robo fainali Ureno tena, benchi Scolari. Mtu mmoja, mara tatu. Hapo mleta uzi atatwambia ni bahati mbaya?

Mtoto wa Makole

Singida Kwetu, sisemi bahati mbaya, ingawa 2004 na 2006 zote ziliamuliwa kwa matuta na mshale ungeweza kuangukia popote. Ile ya Lisbon, Rooney anatoka na mguu umevunjika, goli la Campbell linakataliwa dakika za mwisho, 2-2, halafu kipa Ricardo anavua glovu, anaupangua wa Vassell mikono mitupu na kwenda kupiga wa ushindi yeye mwenyewe. Utampangia kocha gani mbinu za hilo?

Lakini mkuu umenipa silaha bila kujua. Scolari huyohuyo, bingwa wa dunia, alipokwenda Chelsea 2008 alifika wapi? Februari 2009 alishafukuzwa. Basi Scolari naye hajui mpira? Hizi ni kazi mbili tofauti zinazoitwa kwa jina moja. Wa klabu akiona kosa Jumapili, Jumanne yuko uwanjani na koni zake analirekebisha. Wa taifa akiona kosa Oktoba, analirekebisha Novemba, na nusu ya waliolifanya wameumia. Scolari alikuwa mtu wa kuwasha moto wa mwezi mmoja, familia, hasira, sisi dhidi ya dunia. Eriksson alikuwa fundi wa msimu. Mpe mwaka na nusu na uwanja wa mazoezi, anakutengenezea mashine. Mpe siku nne kambini, anakupa hotuba fupi ya upole.

Kahawa Chungu, pesa ya Cragnotti siikatai. Ila Göteborg ilikuwa na pesa ya nani?

Na Walcott sitetei. Lile lilikuwa kosa la wazi.

Mama Kisasa

Wanangu mnaongea Uingereza tu, kana kwamba yeye hakuwahi kufika kwetu Afrika. Mbona hakuna aliyetaja Ivory Coast?

Wale Tembo wenyewe tuliwaona Dar Januari 2010 walipokuja kucheza na Stars kabla ya AFCON ya Angola, wakati huo kocha ni Halilhodžić. Kule Angola wakatolewa na Algeria, Halilhodžić akafukuzwa, Machi akaletwa Eriksson. Kombe la Dunia ni Juni! Anapewa kundi la Brazil, Ureno na Korea Kaskazini. Kabla hawajaanza Drogba anavunjika mkono kwenye mechi ya kirafiki na Japan. Wakatoka 0-0 na Ureno, Brazil wakapiga 3-1 na bao moja Luís Fabiano aliucheza mpira kwa mkono kila mtu anaona, Korea wakapigwa 3-0. Pointi nne, kwaheri. Mimi sijaona kosa lake pale. Nimeona shirikisho lililoajiri mtu miezi mitatu kabla ya mtihani, likategemea jina lake lisome badala ya wanafunzi.

Mexico kabla ya hapo ndiyo hata sijui alifuata nini. Hajui Kihispania vizuri, mechi za ugenini zinamshinda, Honduras wanampiga 3-1 anafukuzwa Aprili 2009. Na Ufilipino mwishoni, Kombe la Asia 2019, mechi tatu vipigo vitatu.

Kahawa Chungu

Mama shikamoo. Sasa umenisaidia mimi, si mleta uzi. Uingereza, Mexico, Ivory Coast, Ufilipino. Nchi nne. Ukigombana na majirani wanne, tatizo si mtaa.

Mama Kisasa

Marahaba. Ila Uingereza usiichanganye na hao wengine. Nenda kaangalie rekodi: mechi 67, ameshinda 40, amefungwa 10. Alichukua timu ambayo kocha Keegan aliikimbia baada ya kufungwa na Ujerumani pale Wembley. Chini ya mwaka mmoja wanaenda Munich wanawapiga hao Ujerumani 5-1, Owen matatu, Gerrard, Heskey. Walifuzu mashindano yote matatu na kila moja wakafika robo fainali. Waliomfuata, McClaren alishindwa hata kufuzu Euro 2008.

Nzuguni Stendi

Naomba nitie neno na mimi. Hoja ya "muda" naona ni kichaka cha makocha. Ivory Coast hiyohiyo ya Mama Kisasa, AFCON ya mwanzoni mwa 2024 nyumbani kwao, wamepigwa 4-0 na Equatorial Guinea, kocha kafukuzwa katikati ya mashindano, Emerse Faé anapewa timu hana hata wiki ya maandalizi. Februari 2024 kabeba kombe. Muda upi alikuwa nao?

Mtoto wa Makole

Hoja nzito hiyo, Nzuguni. Faé alikuwa msaidizi palepale kambini, wachezaji anawajua kwa majina ya utani, kwa hiyo hakuanza sifuri. Lakini nakubali jambo moja: alichofanya Faé ni kuwasha watu, na hicho ndicho Eriksson hakuwa nacho kabisa. Yule mzee wa kibandani Majengo aliyesema "simama basi" alikuwa ameona kitu.

Kwetu hapa tumeyaona. Stars ya AFCON 2019, Amunike alikuja na medali ya ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 17 aliyoipata na Nigeria 2015. Vijana unakaa nao kambini muda mrefu, unawalea. Wakubwa ukawapata wametoka Simba na Yanga na wengine nje, kila mmoja na mfumo wake kichwani. Tukapigwa na Senegal 2-0, Kenya 3-2 tukiwa tumeongoza mara mbili, Algeria 3-0. Tukamfukuza. Mimi siku ile ya Kenya sikula, lakini siwezi kusema Amunike hajui mpira.

Halafu mkumbuke jambo la kuchekesha kuhusu Eriksson na Waingereza. Mfumo wake wote, 4-4-2, kukaba kwa eneo, kubana juu, aliuchota kwa Waingereza wawili waliokuwa wakifundisha Sweden miaka ya sabini, Bob Houghton na Roy Hodgson. Baba yake alikuwa shabiki wa Liverpool na yeye vilevile. Alipoteuliwa, kocha wa kwanza mgeni kwa Uingereza, magazeti yao yakalia kwamba wameuza nchi. Waliletewa mpira wao wenyewe wakasema ni wa kigeni.

Beki Mbili

Na mambo yake ya wanawake je? Na yule "sheikh" wa gazeti aliyemrekodi Januari 2006 akizungumzia kazi nyingine? Kombe la Dunia halijafika, tayari wameshatangaza ataondoka baada yake.

Mtoto wa Makole

Yapo, na alijitakia mengine. Sitaki kuyajazia uzi. Waliomtega walikuwa watu wa gazeti waliovaa kanzu za uongo, na wao ndio walihukumu.

Singida Kwetu

Msisahau Man City 2007/08 jamani. Kabla ya pesa za Waarabu. Aliifunga Man United nyumbani na ugenini msimu mmoja, kitu City walikuwa hawajakifanya tangu 1970. Halafu siku ya mwisho wakapigwa na Middlesbrough 8-1! Nilikuwa na mkeka siku ile. Naishia hapo.

Nzuguni Stendi

Singida Kwetu 😂😂 pole mkuu, wengine bado tunalipa madeni ya mikeka ya miaka hiyo.

Mimi kilichonigusa ni mwaka wake wa mwisho. Januari ametangaza ana saratani, madaktari wamempa kama mwaka mmoja ikienda vizuri. Mtu mwingine angejifungia. Yeye akasema ndoto yake ilikuwa kufundisha Liverpool. Machi wakampeleka Anfield akakae benchi, wakongwe wa Liverpool na wakongwe wa Ajax, wakashinda 4-2. Uwanja umejaa, wanaimba, yeye anatembea taratibu na analia. Hakuwahi kuwa kocha wao siku hata moja.

Kahawa Chungu

Hapo nanyamaza. Mungu amweke pema.

Lakini mleta uzi hutoki hivihivi. Umesema Eriksson wa klabu angeirekebisha ile timu. Gerrard na Lampard pamoja katikati walishindwa miaka yote, Scholes akasukumwa kushoto Euro 2004 mpaka akastaafu timu ya taifa. Ungekuwa wewe ni Eriksson na ile ni Lazio yako, unafanya nini?

Mtoto wa Makole

Ningefanya alichofanya yeye kila alipokuwa na dirisha la usajili. Nauza mmoja, nanunua mkabaji. Kwenye klabu hilo ni jambo la Julai tu, mashabiki wanalia wiki mbili wanasahau. Taifa huwezi kumuuza mtu, unachoweza ni kumweka benchi, na kumweka benchi Lampard wa 2005 magazeti yangekuchoma ukiwa hai. Ndiyo maana akawapanga wote, akatumaini wataelewana njiani.

Ukinilazimisha jina: namtoa Lampard, namrudisha Scholes katikati na Gerrard, Hargreaves nyuma yao kama 2006 alivyocheza vizuri na Ureno, Joe Cole kushoto. Najua mashabiki wa Chelsea wa Nkuhungu wameshaanza kuandika. Karibuni.